Hewa ya Tabora na Nusu Kibaba cha Mahindi

Mwaka ule shamba la shule yetu lilizaa mahindi kupita adabu. Tulikuwa wasichana wa bweni mjini Tabora, katika miaka ambayo kila shule ilitakiwa kujilisha yenyewe, na kwa misimu kadhaa tulikuwa tumejilisha kwa hotuba zaidi kuliko kwa ugali. Kisha, bila onyo, mvua ikanyesha kwa mpangilio, ngedere wakapata shughuli nyingine, na magunia yakajaa ghala, yakajaa stoo ya majembe, yakaingia bwaloni, hata tukawa tunakula huku tumekalia chakula cha mwezi ujao. Fukusi nao walipata habari. Ukiinua kijiko cha maharage ilikubidi ukikague kama askari wa zamu.

Mpishi mkuu wa shule ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitazama maabara yetu kwa jicho la tamaa. Alikuwa Mnyamwezi wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde, na alijua ubora wa chumba kwa mtazamo mmoja: sakafu ya saruji, bati lisilovuja, nondo dirishani, mlango mnene wenye kitasa kinachofanya kazi. Akaenda kwa mkuu wa shule, mama mmoja mwenye haki na mwenye haraka, akamwambia kwamba Mungu alikwishatujengea ghala ila tu wazungu walilipa jina lingine. Mkuu akakubali kulifikiria. Alikuwa amepita maabara juma lile, akakuta harufu ya mayai viza, na alipouliza mayai yenyewe yako wapi akaambiwa hayapo. Chumba chenye harufu ya chakula kilichooza lakini kisicho na chakula kilimwudhi kwa namna ya pekee.

Kama maabara ingegeuzwa ghala, mchepuo wetu wa kemia ungekoma, nasi wasichana wa kidato cha tatu tungepelekwa kwenye ushonaji. Nitasema ukweli, kwa kuwa umri nilionao hauniruhusu tena kujipamba: sikuipenda kemia kwa sababu ya ukweli wake. Niliipenda kwa sababu wanafunzi wa kemia walikuwa na mazoezi ya vitendo alasiri mbili kila juma, saa ambazo wenzetu walikuwa shambani wamepinda mgongo. Wito wangu wa kisayansi, ulionifikisha baadaye Chuo Kikuu, ulianzia kivulini.

Aliyekuwa na sababu nzito zaidi ni mwalimu wetu. Alikuwa binti wa Kizaramo aliyetoka kuhitimu, na ile ilikuwa kazi yake ya kwanza. Leo nikimkumbuka namwona mtoto. Wakati ule tulimwona mtu mzima, pengine kwa sababu alikuwa na saa ya mkononi. Alikuwa amevuka nusu ya nchi kwa garimoshi kuja kufundisha kemia, na hakuwa na cheti cha kufundisha kitu kingine chochote, hata kutunga uzi kwenye sindano. Maabara ikifungwa, angerudishwa pwani kama kifurushi kilichokosewa anwani, na alituambia wazi kwamba baba yake alikwishatabiri hivyo.

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mababu wa hawa walibeba pembe na nta kutoka huku hadi Bagamoyo. Mababu wa wale waliwapokea, wakawacheka, wakawauzia maji ya kunywa. Tangu hapo wana ruhusa ya kutukanana maisha yao yote, na asiyetukana huonekana amenuna. Kwa hiyo mwalimu alipopita jikoni asubuhi na kusema, kwa heshima zote, "Shikamoo," mpishi alijibu, "Marahaba, mzigo wangu," akaendelea kukoroga uji. Sisi kina Mwangaluka, kama alivyotuita kwa ile salamu ya asubuhi ya kwao, tulichelewesha vikombe vyetu makusudi ili tusikie zaidi.

Shauri la maabara liliamuliwa mbele ya mlango wa jiko, mkuu wa shule akiwa katikati kama mwamuzi wa ngumi. Sabasaba ilikuwa inakaribia, na mgeni rasmi kutoka mkoani angekuja uwanjani kwetu kuona maendeleo. Mwalimu akasema darasa lake litatengeneza gesi nyepesi kuliko hewa, litaijaza katika puto, na puto litapaa mbele ya mgeni. Mpishi akauliza puto hilo lina faida gani kwa mkulima. Mwalimu akasema litabeba kitu. Mpishi akauliza kitu gani. Hapo mwalimu alisita kidogo mno, na mpishi akaingia katika mwanya huo kama ng'ombe katika shamba la jirani.

"Kibaba cha mahindi," akasema. "Gesi yenu ikiinua kibaba cha mahindi, nitakubali ina kazi hapa duniani. Isipoinua, mahindi yanaingia maabara siku hiyohiyo, na gunia la kwanza utalibeba wewe kichwani, mtani, ili Wazaramo nao waonje upagazi."

"Na ikiinua?"

"Ikiinua, magunia nitayabeba mimi, popote mkuu atakaposema, na nitaimba sifa za Wazaramo njia nzima. Ingawa sijui nitaanzia wapi, maana hazipo."

Mkuu wa shule aliona kwamba kwa vyovyote mahindi yangehamishwa bila yeye kutafuta vibarua. Akaidhinisha.

Yakafuata majadiliano juu ya kibaba. Kipimo hicho kila mtu alikijua na hakuna aliyekifahamu. Serikali ilikuwa imekwishatutangazia kilo na lita, mizani ya shule bado ilisema pauni na aunsi, na sokoni Kanyenye watu waliendelea kupima kwa kibaba kana kwamba hakuna aliyetangaza chochote. Mwalimu alisema kibaba kizima ni kingi, akaomba nusu. Mpishi akakubali nusu, ila iwe ya kibaba cha tele, kile chenye kilele juu. Mwalimu akasema kibaba cha haki ni cha mfuto, kilichosawazishwa kwa kijiti. Mpishi akasema huko pwani ndiko wanakofuta. Huku watu hupimiana kwa upendo. Wakabishana kama nusu ya kitu inaweza kuwa na kilele, mpaka mkuu wa shule, ambaye alikuwa na kikao, akakata shauri: nusu kibaba, mfuto.

Tukakimimina juu ya mizani ya maabara. Kibaba cha mpishi, cha mfuto, kilikuwa pauni moja na nusu. Nusu yake aunsi kumi na mbili. Na aunsi kumi na mbili, baada ya darasa zima kugawa na kuzidisha na kusutana, zikawa gramu mia tatu na arobaini. Mwenzetu mmoja kutoka Nzega, ambaye nitamtaja tena kwa kuwa hakuweza kukaa bila kutajwa, alipata gramu thelathini na nne elfu. Mwalimu akamwuliza kama ameona nusu kibaba kinachokaribia uzito wa mtu anayekipima. Akasema, kwa unyofu, kwamba kwao wanapima vizuri sana.

Sasa tukaanza hesabu za gesi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu hesabu ilikuwa na adui anayeonekana dirishani akimenya viazi. Mwalimu alituongoza hatua kwa hatua. Haidrojeni tungeipata kwa kutia zinki katika asidi. Kila moli moja ya gesi hiyo, ndicho kipimo cha wanakemia, akasema, inaweza kuinua gramu ishirini na saba. Tukajumlisha mahindi, kopo, uzi, na uzito wa puto lenyewe, ambalo bwana mmoja wa kituo cha hali ya hewa alitupatia baada ya mwalimu kwenda kumsalimia mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Tukapata moli kumi na saba. Moli kumi na saba za gesi zilihitaji zinki kilo moja na ushee, na zinki hiyo tuliipata kwa kupita mitaa ya Kanyenye na Mtendeni tukiomba betri zilizokufa kwa mafundi redio. Tulizipasua, tukavua maganda yao, mikono ikawa myeusi juma zima. Mpishi alieneza habari kwamba kemia ni uchimbaji wa mkaa usio na moto.

Halafu jotoridi. Sheria za gesi hazitaki nyuzi za kawaida za sentigredi; zinataka uongeze mia mbili sabini na tatu kwanza, upate kelvini, na jambo hilo lilitukwaza wote. Kwa nini tuongeze namba kubwa hivyo kwa joto lilelile? Mwalimu akatufundisha kwa saa. Wageni, akasema, huanza kuhesabu saa usiku wa manane. Sisi tunaanza jua linapochomoza. Wakati ni uleule, mwanzo ndio tofauti. Na saa mbili asubuhi si maradufu ya saa moja asubuhi, kwa kuwa wakati haukuanza alfajiri ya leo. Vivyo hivyo nyuzi ishirini si maradufu ya joto la nyuzi kumi, kwa kuwa joto halikuanzia kwenye barafu. Nimesikia maprofesa wakilieleza jambo hilo kwa saa nzima, na sikumbuki hata mmoja aliyelieleza vizuri kuliko yule binti mwenye vidole vyeusi.

Joto la maabara saa za mchana lilikuwa nyuzi ishirini na saba, yaani kelvini mia tatu. Tukakokotoa ujazo: lita mia nne na kumi na nane. Kutoka ujazo tukatafuta upana wa puto likiwa limejaa: sentimita tisini na tatu. Hapo ndipo kiranja wa darasa, msichana wa busara aliyekuja kuwa hakimu, akauliza kama litapita mlangoni, maana upepo wa Julai ulikuwa mkali na ilitupasa kulijaza ndani. Tukapima mlango kwa rula ya seremala. Futi tatu na inchi moja. Tukageuza: sentimita tisini na nne.

Tulishangilia. Puto litapita, na nusu sentimita kila upande. Mwalimu aliandika jibu ubaoni, akalizungushia duara, na kila kikundi kilichorudia hesabu kilipata lilelile, pamoja na yule wa Nzega.

Lazima nitaje hapa kitu kimoja kilichokuwa ukutani. Kilikuwa barometa, mrija mrefu wa kioo wenye zebaki, unaoonyesha hewa inakandamiza kwa nguvu kiasi gani. Vitabu vyote vilisema zebaki inapaswa kusimama kwenye sentimita sabini na sita. Ya kwetu ilisimama kwenye sitini na sita. Mwalimu alipofika kutoka pwani, ambako alikuwa ameona sabini na sita maisha yake yote, aliisikitikia, akasema pengine zebaki imevuja wakati wa mkoloni, na akabandika karatasi: *Kimeharibika, kisitumike.* Hatukukitumia.

Siku ya Sabasaba tulianza kutengeneza gesi mara baada ya uji. Haidrojeni hushika moto kwa hamu, kwa hiyo mwalimu alimwamuru mpishi azime jiko, lililokuwa hatua chache kutoka maabara. Mpishi alikuwa na pilau ya mgeni rasmi motoni. Alizima, akasimama mlangoni pa jiko akiwa amekunja mikono, akamweleza kila aliyepita kwamba mkoa mzima utakula wali mbichi kwa ajili ya upepo wa Mzaramo. Ndani, chupa zilitoa mapovu, mipira ilipiga miluzi, na puto likaanza kunenepa juu ya meza. Lilikuwa la rangi ya maziwa. Tuliligusa kwa ncha za vidole kama mtoto mchanga asiye wetu.

Uwanjani hotuba zilianza. Puto likajaa. Zinki ya mwisho ikayeyuka, mwalimu akafunga mdomo wa puto kwa uzi, nasi sita tukalishika, tukalisukuma taratibu hadi mlangoni.

Likakataa.

Tulirudi nyuma, tukajaribu kwa pembe nyingine, kana kwamba tufe lina pembe. Likagusa fremu kushoto na kulia kwa pamoja. Mlango ule wa kale ulikuwa na vibanzi na vichwa vya misumari, na mpira wa puto ulikuwa umevutika hadi vitu vya upande wa pili vikaonekana. Kuusukuma kwa nguvu kungekuwa kuuaga. Dirisha lilikuwa na nondo. Kiranja akaleta rula. Sentimita tisini na saba.

"Tutoe hewa kidogo," mmoja akasema.

"Kutoa gesi ni kuangusha mahindi," mwalimu akajibu. "Tuliipima kwa nusu kibaba kamili. Hatuna ya ziada."

Yule wa Nzega akainua mkono. Alikuwa na wazo, na uso wake uling'aa. Tulipoze, akasema. Joto ni nyuzi ishirini na saba. Tukilimwagia maji mpaka nyuzi kumi na tatu na nusu, litanywea nusu, litapita likicheza.

Na mwalimu, huku mgeni rasmi akisubiri, huku kazi yake ya kwanza na ya mwisho ikiwa imekwama katika fremu ya mlango, aligeuka, akamtazama kwa huzuni, akasema, "Umesahau kelvini." Kisha akachukua chaki. Nadhani hakuweza kujizuia. Kuna watu ambao nyumba ikiungua husahihisha kwanza tahajia ya kibao cha *Moto.* Tukakokotoa pamoja. Ili puto lenye upana wa tisini na saba liwe tisini na nne, jotoridi lazima lishuke kutoka kelvini mia tatu hadi mia mbili sabini na tatu. Yaani sifuri ya sentigredi. Ilitubidi kuipoza Tabora hadi maji yagande, mwezi wa Julai, saa sita mchana, kwa ndoo mbili na taulo.

Ndipo mwalimu alipoacha kuandika. Aliangalia ukutani. Akaenda polepole, akabandua ile karatasi yake mwenyewe, akasoma barometa kwa sauti ndogo kama mtu anayesoma barua ya kuachwa.

"Sitini na sita," akasema. "Haijaharibika. Jamani, haijaharibika. Ni hewa."

Akatueleza, akijieleza mwenyewe. Pwani iko chini, na hewa yote ya nchi imeilalia. Kutoka Bagamoyo njia hupanda, hupanda, mpaka hapa kwetu juu, na kila mpando huacha hewa nyingine nyuma. Hewa ya Tabora haikandamizi sana, basi gesi nayo hupata nafasi ya kujitanua. Akazidisha sabini na sita, akagawa kwa sitini na sita. Lita mia nne na themanini na moja. Tukatafuta upana: tisini na saba na nukta. Hesabu yetu ya kwanza ilikuwa sahihi kabisa, kwa Bagamoyo. Kama shule yetu ingekuwa ufukweni, puto lingepita mlangoni bila kugusa.

Mpishi alikuwa amesogea hadi kizingitini. Alikuwa amekuja kufurahi, lakini sasa alikunja uso.

"Unasema hewa yetu ni pungufu?"

"Ni nyepesi, mtani," mwalimu akasema, na kwa ajabu uchangamfu kidogo ukamrudia. "Sisi pwani tumeshavuta ya kwanza. Huku juu mmebakishiwa makombo."

"Kwa makombo hayo babu yangu alibeba pembe mpaka kwenu. Babu yako, na hewa yake kamili, alishindwa kupanda hata mnazi wake."

"Alishindwa, ndiyo. Na leo mlango wenu umetushinda wote. Nitakwenda kubeba gunia. Lakini nitawaambia nyumbani kwamba gesi haikushindwa na nusu kibaba. Ilishindwa na fremu."

Alivua koti lake la maabara, akalikunja vizuri, akaliweka mezani, akauliza gunia lenyewe liko wapi. Nilitaka kusema neno la kumfariji, lakini nililoweza kufikiria ni kwamba sikuwa najua kushona, na hilo halikuwa la kumfariji yeye.

Mpishi alisimama akitazama puto, kisha mlango, kisha puto. Sasa ninapofikiri juu yake, naamini lililomtesa ni jambo la kiungwana. Alikuwa ametamba mji mzima kwamba gesi haiwezi kuinua mahindi. Alitaka ishindwe uwanjani, mbele ya mgeni na watu wa Mtendeni waliokuja kutazama, huku kopo la mahindi limetulia ardhini kama jiwe. Ushindi wa kuletewa na mlango ulikuwa, kwake, kama kumshinda mtu mieleka kwa sababu amekwenda haja.

"Mnyamwezi," akasema, "hasaidiwi na mbao." Akaenda jikoni, akarudi na mtaimbo.

Mwalimu alituamuru tulirudishe puto hadi kona ya mbali na kulifunika kwa taulo zilizolowa. Mpishi alipachika mtaimbo kati ya fremu na ukuta, akaegemea. Alikusudia, nina hakika, kung'oa fremu peke yake, kwa adabu. Lakini maabara ilikuwa ya matofali ya udongo chini ya lipu yake ya saruji, na fremu ile ilikuwa imeoana na ukuta miaka mingi. Ilipotoka ilitoka na jamaa zake. Upande mmoja wa ukuta ulimwagika nje kama unga kutoka gunia lililopasuka, kitasa kikaruka, mlango ukalala chali kwenye nyasi na mpishi juu yake. Vumbi lilipotulia, pangekuwa na nafasi ya kupitisha puto na ng'ombe wakiwa bega kwa bega.

"Haya," akasema kutoka chini. "Leteni huo upepo."

Tulilipeleka uwanjani sote sita, tumejaa vumbi, puto likivuta mikono yetu juu kana kwamba tunaomba ruhusa. Mgeni rasmi alikatiza hotuba. Mpishi mwenyewe alisawazisha nusu kibaba kwa kijiti, mbele ya watu, akakifuta mara mbili, akamimina katika kopo bila kumwaga hata punje. Mwalimu akafunga uzi. Kisha akasema tuachie.

Kwa muda lile kopo halikufanya kitu. Lilikaa chini. Nilisikia mpishi akivuta pumzi kwa raha. Halafu likayumba, likasimama kwenye ukingo wake, likaacha ardhi. Lilipanda polepole mno, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa lakini hana hakika, likapita magoti ya mgeni rasmi, likapita kiuno, likafika usawa wa macho yake. Akaangalia ndani yake akaona mahindi. Likaendelea. Uzi ulipokwisha lilisimama juu ya vichwa vyetu, likizunguka, na punje moja ikaanguka juu ya kofia ya mtu.

Watu walipiga makofi. Mgeni rasmi alipiga pia, kisha akainama kwa mkuu wa shule na kuuliza, kwa sauti tuliyoisikia wote, hayo mengine yatapandishwa lini.

Mkuu wa shule alisema mipango inaendelea. Aliposindikiza wageni kwenye pilau, ambayo ilichelewa hadi alasiri kama ilivyotabiriwa, alimwita mpishi na mwalimu, nasi tukafuata kwa umbali unaokubalika. Alisimama mbele ya maabara. Aliangalia tundu la ukuta, mlango uliolala kwenye nyasi, na mbuzi wawili wa jirani waliokwishaingia na kuanza kuonja daftari la mazoezi.

"Gesi imeinua," akasema hatimaye. "Neno langu ni neno langu, maabara ni yenu. Na hata isingeinua, mahindi yangu yasingelala humu. Chumba gani hiki? Nani kavunja?"

Mpishi alitazama mtaimbo aliouacha kando ya mlango. Nimeona watu wengi wakigundua makosa yao, wakiwemo mawaziri, lakini sijaona tena uso uliosafiri mbali kiasi kile kwa muda mfupi. Alikuwa amekibomoa kwa mikono yake chumba pekee chenye kitasa alichokitamani, ili tu mtani wake apate nafasi ya kumshinda vizuri.

"Ni hewa ya Tabora, mkuu," mwalimu akamjibia. "Ilijitanua."

Palibaki swali la magunia. Ghala limejaa, bwalo limejaa, fukusi wanazaana. Mkuu alizunguka uwanja mzima akitafuta mlango mwingine mnene wenye kitasa kizima, na shule nzima ilikuwa na mmoja tu. Ulikuwa wa ofisi yake.

Mpishi aliyabeba, yeye mwenyewe, gunia kwa gunia, kama alivyoahidi. Tangu siku ile wazazi waliokuja kutembelea shule walipokelewa na mkuu wa shule aliyeonekana kichwa na mabega tu nyuma ya mahindi, na walioomba ruhusa ya kuwachukua mabinti zao waliandikiwa vibali vyenye unga. Fundi wa ukuta aliagizwa kutoka mkoani. Tulifanya mtihani wa mwisho wa vitendo tukiwa na kuku wa jirani chini ya meza, na kemia iliendelea kufundishwa, na mwalimu hakurudishwa kokote. Lakini ninachokisikia hadi leo ni ile alasiri ya kwanza, mpishi akipita mbele ya maabara iliyo wazi na gunia kichwani, mwalimu amesimama katika tundu la ukuta akihakikisha deni la utani linalipwa lote, na yule bwana akiimba kwa sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde: kwamba Wazaramo ni watu wakuu, wasio na mfano, wana hewa nzito kuliko mataifa yote, na ndiyo maana, masikini, hawawezi kuinuka wakatembea.

"Rudia ule mstari wa kwanza," mwalimu akamwambia. "Huo wa pili sikuusikia."